Swali Lisilo na Jibu Mfukoni: Baraza la Kahawa na Kazi ya Mwalimu

Mwalimu mwanafunzi anapokuwa katika mazoezi ya kufundisha huuliza maswali mengi mno. Nimekaa nyuma ya madarasa kwa miaka mingi, daftari la tathmini magotini, na mara nyingine nimejaribu kuyahesabu maswali ya kipindi kimoja cha dakika 40 nikachoka kabla kengele haijalia. Hata hivyo, katika maswali hayo yote ni nadra sana kukuta moja ambalo muulizaji mwenyewe hajui jibu lake. Mwalimu huuliza mmea wahitaji nini ili ukue. Yeye anajua, na jibu amekwisha kuliandika katika andalio la somo. Watoto nao si wajinga. Wamekwisha kuutambua mchezo huo, kwa hiyo hawatafuti jibu la swali, bali hutafuta jibu lililomo mfukoni mwa mwalimu. Humkazia macho, hutupa neno moja, huona uso haukukunjuka, hutupa jingine. "Maji!" "Jua!" "Mbolea!" Aliyebahatika hupigiwa makofi.

Simlaumu mwalimu huyo. Maswali ya namna hiyo yana kazi yake, nayo ni kupima kama somo lililopita limeshikwa. Ninalolalamikia ni kwamba mtoto aweza kumaliza miaka yake yote ya shule ya msingi asiulizwe hata mara moja swali ambalo mkubwa aliyemwuliza alikuwa na haja ya kweli ya kusikia atakalosema.

Jioni hiyo hiyo, mwalimu yule yule akipita penye baraza la kahawa, atakuta watu wazima wakiulizana maswali ya namna nyingine kabisa, tena kwa saa nzima, bila ya kulazimishwa na mtu. Makala haya yahusu mambo ambayo darasa laweza kuazima kutoka barazani, na jambo moja ambalo mimi mwenyewe niliwahi kuliazima vibaya.

KIKOMBE NA KAZI YAKE

Baraza kwa asili ni kikalio cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njiani. Neno hilo limesafiri mbali hata likafika kwenye Baraza la Mawaziri, lakini katika miji ya mwambao, tangu Lamu na Mombasa hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, lile la mawe bado lipo na bado linakaliwa. Baada ya sala ya alasiri au ya isha muuza kahawa hutua dele lake lenye makaa chini yake, hugonganisha vikombe, na watu hukusanyika. Kahawa ni chungu, kikombe ni kidogo kisicho na mkono, na kashata ni ya kuuvunja ule uchungu. Mazungumzo huanza na mpira, yakapita kwenye bei ya unga, yakagusa siasa, kisha, bila ya mtu kutangaza, mmoja huuliza jambo kama hili: "Hivi, mtu akifanya wema kwa kuogopa kusemwa, ule ni wema?" Hapo ndipo watu husogea.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mambo hayo huzungumzwa vizuri zaidi penye kinywaji. Si kwa sababu ya kulewa, maana kahawa hailewi. Nadhani kikombe humpa mtu ruhusa ya kunyamaza. Tazama mtu aliyepingwa kwa hoja nzito: huinua kikombe, hupuliza, hunywa funda moja, hukirudisha. Katika muda huo amefikiri, na hakuna aliyesema ameshindwa. Mtoto wa darasani hana kikombe. Akiulizwa akanyamaza kwa muda kama ule, mwalimu amekwisha kumwambia "Kaa chini" na kumnyoshea kidole jirani yake.

Kinywaji pia huwaweka watu duarani. Kilimanjaro, watu wanywapo mbege, ile pombe ya ndizi mbivu na ulezi, kata huzunguka kutoka mkono hadi mkono. Magharibi ya Kenya wazee wameinywa busaa kwa mirija mirefu kutoka katika chungu kimoja kilichowekwa katikati. Hakuna anayeweza kukaa mbele ya wenzake kama mwalimu akaaavyo mbele ya darasa, maana chungu ndicho kilichokaa mbele. Wala mwanachuo asinielewe vibaya: sisemi pombe ipelekwe shuleni. Nasema tuchunguze kazi inayofanywa na chombo kile, kisha tutafute kitu kingine cha kuifanya.

Wayunani wa kale walikuwa na desturi iliyofanana na hii, wakaiita symposion, yaani kunywa pamoja. Plato aliandika kitabu juu ya karamu moja ya namna hiyo, iliyofanywa nyumbani kwa mtunzi Agathon mwaka 416 K.K. baada ya mchezo wake kushinda mashindano. Kitabu kiliandikwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo tusikisome kama kumbukumbu za mkutano. Lakini mpango wa mazungumzo unafaa kutazamwa na mwalimu. Wageni walikuwa bado na uchovu wa ulevi wa jana yake. Wakakubaliana kwamba kila mtu anywe kiasi apendacho, mpiga filimbi aondoke, na kila mmoja kwa zamu aseme neno juu ya mapenzi. Agathon alipomaliza hotuba yake alishangiliwa. Zamu ya Socrates ilipofika, yeye aliomba kwanza ruhusa ya kumwuliza mwenye nyumba maswali machache, na haukupita muda Agathon akakiri kwamba hakuwa akiyajua aliyokuwa akiyasema. Socrates hakumcheka. Alisema yeye mwenyewe aliwahi kuwa na kosa lilo hilo, hadi alipoulizwa maswali kama hayo na mwanamke mmoja aitwaye Diotima.

Diotima mwenyewe hakuwapo karamuni, wala mwanamke yeyote hakukaa na wanaume wale kuzungumza. Barazani kwetu nako ni nadra kumkuta mwanamke amekaa. Nataja jambo hili mapema kwa sababu kisa nitakachokieleza kiliokolewa na msichana.

MASHUA YA NDUGU WAWILI

Katika mji mmoja wa pwani nilikokuwa nikisimamia mazoezi ya kufundisha, nilizoea kukaa jioni kwenye baraza lililo karibu na nyumba niliyopanga. Kwa siku tatu mfululizo watu walikuwa wakibishana juu ya jambo moja. Nahodha mmoja alifariki akaacha mashua na watoto wawili wa kiume. Mdogo alikwenda kutafuta kazi mbali. Mkubwa alibaki na chombo kwa miaka mingi, na kila kilipopandishwa pwani kutiwa kalafati alibadilisha mbao zilizooza: mwaka huu mbili, mwakani nne, kisha mataruma, kisha mlingoti, mwisho hata mkuku. Mdogo aliporudi alidai sehemu yake katika mashua ya baba. Mkubwa akamjibu kwamba mashua ya baba ilikwisha zamani, mbao zake zilipikiwa chakula. Hii ni yake, kila msumari kaununua yeye.

"Jina ubavuni ni lile lile," alisema mmoja. "Basi mashua ni ile ile."

"Jina ni rangi tu, bwana," akajibiwa. "Nikiandika jina lako kwenye punda, punda atakuwa wewe?"

Watu walicheka. Fundi mzee wa vyombo, ambaye ndiye aliyezibadilisha mbao zile kwa mkono wake, alikunywa kahawa yake polepole. "Mimi nilitoa ubao mmoja mmoja," alisema. "Hebu niambieni ni siku gani nilipoiondoa mashua ya kwanza nikaleta ya pili. Nionyesheni huo ubao."

Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Kijana mmoja akauliza: "Mzee, mwili wangu huu si ule niliozaliwa nao. Meno yenyewe si yale. Kwani mimi si yule?"

"Kama wewe si yule," alisema muuza kahawa, "deni la mwezi jana nitamdai nani?"

Swali lile ni la kale kuliko walivyodhani wengi wa waliokuwapo. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya kwanza na ya pili B.K., alisimulia kwamba watu wa Athens walikihifadhi chombo cha shujaa wao Theseus, chenye makasia 30, wakiziondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hadi wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakisema ni kile kile, wale wakisema sicho. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes alilizidisha uzito. Je, kama mtu angaliziokota zile mbao kuukuu zote akaziunga upya kwa mpango ule ule, kipi kati ya vyombo viwili ndicho cha Theseus? Sikuwaeleza wenzangu habari hizo. Barazani mtu akianza kutaja vitabu, wengine hutazama saa.

SOMO LA DARASA LA SITA

Asubuhi iliyofuata mwalimu mwanafunzi mmoja, mwanamke kijana, alinijia akihangaika kwa kukosa habari ya kuzungumzia katika kipindi cha Kiswahili. Nikampa habari ya mashua. Nilimshauri asiandike chochote katika andalio lake mahali pa majibu yanayotarajiwa, bali aandike sababu zinazotarajiwa kutolewa na kila upande. Alishangaa, lakini alikubali.

Zana aliyoitumia aliibuni mwenyewe. Alichora mashua ubaoni kwa chaki nyeupe, ubao kwa ubao, kisha akaanza kuufuta mmoja na kuuchora tena kwa chaki nyekundu, halafu wa pili, halafu wa tatu, akiuliza kila mara: "Hii ni ile ile?" Mwanzoni darasa zima liliitikia kwa sauti moja kuwa ndiyo. Walipofika katikati sauti ziligawanyika. Mtoto mmoja alishikilia kwamba inabadilika ubao wa mwisho unapotolewa. Mwingine alisema la, inabadilika mkuku unapotolewa, kwa kuwa mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo. Wa tatu alisema haibadiliki kamwe maadamu haikukaa hata siku moja bila ya kwenda baharini. Nami nyuma ya darasa niliona kwamba hoja hii ya mwisho haikutolewa na mtu yeyote barazani.

Kisha mwalimu akakisimulia kisa cha ndugu wawili, kama nilivyomsimulia. Karibu na dirisha mvulana mmoja akasimama bila ya kunyosha mkono.

"Baba yangu hakuiba," alisema.

Darasa likanyamaza. Mimi nilijua mara moja kosa lilikuwa la nani. Nilikuwa nimeichukua aibu ya nyumba ya watu kutoka barazani, mahali ambapo wahusika wanajulikana na maneno yana mipaka yake, nikaitia mikononi mwa mwalimu asiyeujua mji, naye akaiweka mbele ya watoto zaidi ya 50. Hata jina la mtaa sikulibadilisha.

Msichana wa dawati la pili ndiye aliyejibu. "Hatukusema ameiba," alisema. "Tumeuliza kama mashua ni ile ile. Ni ya nani, hilo ni swali jingine."

Wazee, pamoja na mimi, tulikuwa tumeyachanganya maswali hayo mawili kwa siku tatu. Kila aliyetaka mkubwa apate mashua alisema ni mpya. Kila aliyetaka mdogo apate sehemu alisema ni ya zamani. Mwalimu mwanafunzi, nampa sifa zake, hakusema "vizuri sana" wala hakuomba makofi. Alimtazama yule mvulana, akamwuliza kama angependa kusema zaidi. Mvulana akatikisa kichwa akakaa. Ndipo akaligeukia darasa: "Je, kitu chaweza kuwa kile kile na mwenyewe akawa mwingine?"

"Kanga aliyoniachia bibi," alisema mmoja. "Ni ile ile, lakini sasa ni yangu."

"Na kitu chaweza kuwa kipya na mwenyewe akawa yule yule?"

Hapo walifikiri kwa muda mrefu. Mwalimu alingoja. Mwishowe mtoto mmoja alisema nyumba yao ya udongo ilibomolewa yote ikajengwa ya matofali, lakini bado ni ya babu. Kwa mifano miwili hiyo, kanga na nyumba, watoto walikuwa wameonyesha kwamba jibu la swali la kwanza haliwezi peke yake kulijibu la pili. Fundi alikuwa ameuliza jambo la mbao. Ndugu walikuwa wakiuliza jambo la haki, na haki hutazama pia gharama, ahadi, na miaka ya kazi.

Wakati wa mapumziko nilimtafuta yule mvulana nikamwomba radhi. Aliniuliza kama barazani alikuwapo mtu wa kumtetea baba yake. Nilimwambia kweli: walikuwapo wengine, na wengine hawakumtetea. Jioni nilikwenda kwa baba yake kabla habari hazijamfikia kwa njia nyingine. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia ya barazani yabaki barazani, kisha akaagiza kahawa. Ugomvi wenyewe haukumalizwa na darasa wala na baraza. Mirathi ina wenyewe wa kuihukumu.

NAMNA YA KULITENGENEZA SOMO LA AINA HII

Kabla ya yote, swali liwe la kweli, yaani mwalimu mwenyewe awe hajalimaliza moyoni mwake. Watoto huutambua upesi unafiki wa mwalimu anayejifanya hajui. Habari za jirani zinafaa sana, lakini zivuliwe nguo zao: mashua igeuzwe baiskeli, ndugu wageuzwe marafiki, mji usitajwe. Lau ningalifanya hivyo, somo lisingalipungua hata chembe na mtoto yule asingalisimama.

Mahali pa kikombe tumia kifuu cha nazi au jiwe laini. Anayekishika ndiye asemaye, na aweza kukaa nacho kimya mpaka awe tayari, wengine wangoje. Kimya hicho humtia mwalimu mgeni hofu kuliko kelele. Akizoee. Darasa likiwa kubwa, watoto kumi na wawili wakae duarani wakizungumza na waliobaki wasimame nyuma yao wakisikiliza hoja, kisha wabadilishane. Madawati hayahitaji kuhamishwa yote. Mara nyingi kivuli cha mwembe kinatosha.

Mtoto akitoa jibu, mwalimu asiliseme tena kwa maneno yake mwenyewe. Aulize "Kwa nini?" au "Nani ana mfano unaopinga?" Socrates alijifananisha na mkunga, kazi iliyokuwa ya mama yake: mkunga hazai yeye, humsaidia mwingine azae. Mwalimu anayelirudia kila jibu kwa ufasaha zaidi amemnyang'anya mzazi mtoto wake.

Baraza nalo lina kasoro ambazo hatupaswi kuziazima. Mwenye umri au mwenye fedha husikilizwa kabla hajasema kitu. Mcheshi aweza kuiua hoja nzuri kwa mzaha. Na mara nyingi mtu hutupa methali, watu wakaguna kwa kuridhika, mjadala ukafa. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1995, aliliona jambo hili alipokuwa akiwahoji wazee wenye hekima nchini Kenya. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 aliwatofautisha wazee wa namna mbili: anayeyajua na kuyaeleza vizuri mawazo ya watu wake, na anayeyajua kisha akayapima kwa akili yake mwenyewe, akikubali haya na kukataa yale. Wote wawili wana heshima yao. Lakini wa pili hujulikana tu akiulizwa kwa nini, tena na tena, na mtu mwenye adabu na subira.

Methali yenyewe si adui. Ikitolewa moja, mwalimu aitafutie ya kuipinga. Mtoto akisema "Haraka haraka haina baraka," yupo atakayekumbuka "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Wahenga ni wale wale, na wamesema yote mawili, sasa darasa lina kazi ya kufanya.

Wala mwalimu asifanye baraza la kila jambo. Saba mara nane haina pande mbili. Kipindi kimoja kwa majuma mawili chatosha, na mkaguzi akiuliza tathmini iko wapi, aonyeshwe daftari ambamo mwalimu ameandika kila mtoto alitoa sababu gani, na ni nani aliyebadili mawazo baada ya kumsikia mwenzake.

ZOEZI

Kaa katika mazungumzo ya watu wazima mara mbili juma hili, barazani, kilabuni, kisimani au jikoni, na usiseme neno. Andika swali moja uliloulizwa pale ambalo muulizaji hakuwa na jibu lake. Ondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu. Litengenezee andalio la dakika 40 kwa Darasa la Tano, ukiandika sababu mbili kwa kila upande, kisha mwombe mwenzako alisome akuambie kama amemtambua mtu yeyote. Kama amemtambua, anza upya.